Magamba kichwani mwa binti yangu tangu aanze sindano za baridi yabisi. Ni dawa au ni mapunye?

msusi_kisauni aliuliza:

Asalamu alaikum, na wengine wote habari zenu.

Mimi ni msusi. Nina kibanda changu Kisauni na huu ni mwaka wa 14 nashika vichwa vya watu, kwa hivyo nikieleza jambo la kichwani naeleza nililoliona kwa macho na kulishika kwa vidole. Nimekuja hapa kwa sababu hili sijawahi kuliona, na limenikuta kwa mwanangu mwenyewe.

Binti yangu ana miaka 9. Ana baridi yabisi ya watoto. Wengi wakisikia baridi yabisi humfikiria mzee na mkongojo wake, hata mimi nalikuwa hivyo mpaka yalipotufika. Ilianza akiwa na miaka 6, goti la kulia. Asubuhi akishuka kitandani mguu haukunjuki, anauburura hadi chooni huku ameshika ukuta. Ikifika saa nne anacheza na wenzake kama aliyekuwa akidanganya. Nyanyake akimkanda kwa mafuta ya nazi na kitunguu thaumu, mimi nimeshikilia kwamba ameteguka chuoni. Ilipita miezi 7 kabla hatujakutana na daktari wa kutupa jina la ugonjwa.

Akaanzishiwa methotrekseti, dawa ya kushusha kinga, vidonge, mara moja kwa wiki, na asidi ya foliki siku nyingine. Tulichagua Ijumaa usiku ili kichefuchefu kimkute nyumbani Jumamosi, si darasani. Goti likashuka. Lakini watoto wa ugonjwa huu hupimwa na macho pia, na katika kupimwa kwa ile mashine ya mwanga mwembamba, jicho la kushoto likaonekana lina uvimbe ndani. Jicho jeupe pe, haliwashi, halimuumi, mtoto anasoma ubao vizuri. Daktari wa macho akatuambia ndivyo linavyokuja, kimya kimya, na likiachwa huweza kuondoka na uoni. Ndipo ikaongezwa sindano, adalimumabu, kila baada ya wiki 2.

Alhamdulillahi, sindano ilifanya kazi yake. Kufikia mwezi wa nne jicho lilikuwa limetulia, na siku ya michezo skuli mwanangu alikimbia mita 100 akamaliza. Nililia mbele za watu.

Sasa ndiyo hili. Mwezi uliopita, Jumapili alasiri, nilimkalisha mkekani nimsuke mistari ya wiki. Nikagawa nywele nyuma ya sikio la kushoto, chanuo likakwama. Nikapasua nywele kwa vidole. Palikuwa na gamba nene la rangi ya jivu limelala kwenye ngozi kama ukoko wa wali, upana wake kama sarafu ya shilingi 20, na pembeni ngozi imeiva rangi ya zambarau. Nikaliinua taratibu kwa ncha ya chanuo, likatoka na nywele tatu zimeshikana shinani, na chini yake pakachomoza vitone vya damu vidogo kama vichwa vya pini. Mtoto akaniambia, "Mama, hapo pawasha, lakini nalisahau kukwambia." Hakusahau. Aliogopa tutarudi kwa daktari.

Mba naijua, ni unga, ukichana unapukutika mabegani. Mapunye nayajua, ni duara, na nywele hukatika karibu na ngozi zikabaki vidoa vyeusi. Hili halikuwa mojawapo. Nilijua si lolote kati ya hayo, na bado nikajiambia ni mapunye, maana mapunye yana dawa na yanaisha.

Nikaenda kemisti. Kijana akanipa mrija wa krimu ya mchanganyiko, ya fangasi na bakteria na mwasho kwa pamoja. Hakuniuliza mtoto anatumia dawa gani nyingine, nami sikusema. Wiki ya kwanza gamba likalainika, nikashukuru. Nilipoacha lilirudi na wenzake: limeteremka mpaka panjani, lipo ndani ya kitovu, na nyayo zote mbili zimetoka vipele vya usaha vidogo vidogo, vikikauka vinabanduka kama ganda la kitunguu.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mavyaa anasema sindano ndiyo inayomla mtoto, itupwe. Jirani anasema ni husda, watu walimwona akikimbia. Kombe nimemnywesha, sina neno na kombe. Lakini sindano ya Alhamisi iko kwenye friji, karatasi yake inasema nyuzi 2 mpaka 8, na umeme ukikatika mimi ndiye ninayeamka usiku kwenda kuikagua. Kila nikiifungua friji naiona. Daktari aliyemwandikia yuko Nairobi, tunapandia treni Miritini, na kliniki yake ni baada ya wiki 5.

Kuna aliyewahi kuona dawa hizi za kushusha kinga zikifanya hivi kwa mtoto? Mliambiwaje? Na Alhamisi nimchome au nisimchome?


baba_wa_likoni alijibu:

Waalaikumu salaam dadangu. Nimesoma maneno yako nikahisi naambiwa habari za nyumbani kwangu.

Wangu ni mvulana wa miaka 13. Ugonjwa wake si wa viungo, ni wa matumbo, unaitwa Crohn. Anatiwa infliksimabu kwa dripu kila baada ya wiki 8, na nyumbani anameza azathioprini, nayo ni ya kushusha kinga. Infliksimabu na hiyo sindano ya bintiyo ni ukoo mmoja, zote mbili hufunga ile protini ya uvimbe waiitayo TNF. Mwaka wa pili wa dripu ngozi ikamtoka magamba masikioni, ndani na nyuma, ikapasuka mpaka mto unapakwa majimaji. Daktari wa ngozi alipomwangalia alisema ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba usioambukiza, tena imeletwa na dawa. Nilimwuliza mara mbili nikidhani sikusikia, kwa sababu dawa hiyohiyo wanawatibia watu wenye soriasisi! Akasema naam, huwatibu wengi, na kwa wachache huileta.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa nilikosea na sitaki ukosee. Niliiacha dripu kwa uamuzi wangu. Ngozi ya mwanangu ilikuwa inaniuma kuitazama, matumbo sikuyaona kwa kuwa yako ndani. Mwezi wa tatu mtoto akawa anaenda choo mara 8 kwa siku, na damu. Alipungua mpaka sare ikawa inamvuka. Na kuirudia dawa hakukuwa rahisi, walinieleza kwamba ukiiacha kwa muda mrefu mwili hujifunza kuikataa, ukarudi ukaikuta haifanyi kazi au inaleta mzio. Sisi Mungu alitunusuru, ilifanya kazi. Lakini yale majuma bado nayaota.

Usisubiri wiki 5. Kwenye kadi ya kliniki huwa pana nambari ya nesi. Piga leo, kabla ya Alhamisi. Mwambie neno kwa neno kama ulivyotuandikia sisi, na ya ukoko wa wali usiiache.

Jambo jingine dogo: azathioprini ilimletea chunjua vidoleni, tele, na inaifanya ngozi ichomwe na jua upesi zaidi. Tukingoja feri mchana wa kaskazi simtoi bila kofia na mikono mirefu. Wenzake wanamuuliza kwa nini amevaa hivyo na joto lote lile. Amezoea kuwajibu mwenyewe.


mkaazi_wa_majengo alijibu:

Dada mimi nakwambia hizo ni sumu. Kinga ya mtoto unaishusha kwa pesa yako halafu unashangaa ngozi inaharibika? Acha zote, mpake mafuta ya habasoda na mwarobaini, mwogeshe maji ya bahari asubuhi siku 40. Mpwa wangu alipona hivyo.


msusi_kisauni alijibu:

Ahsante ndugu yangu kwa kunijali. Mpwa wako aliumwa nini lakini? Kwa sababu wangu akiacha dawa kinachorudi kwanza si ngozi, ni goti na jicho. Jicho likifa halirudi kwa mafuta.

Baba wa Likoni, nimekusoma nikiwa kibandani na mteja kichwa mkononi, ikabidi nisimame kidogo. Mungu amhifadhi mwanao. Nitapiga kesho asubuhi wakifungua.


nesi_mstaafu_tudor alijibu:

Mwanangu msusi, mimi nilikuwa muuguzi miaka 31, mingi yake wodi ya watoto. Sitakuambia mtoto ana nini, simwoni. Lakini ulivyoeleza umeeleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa nilizozisoma.

Gamba nene la kijivu, mpaka ulio wazi, vitone vya damu ukilibandua, nyuma ya masikio, panjani, kitovuni, na vipele vya usaha nyayoni: hayo yote yanaelekeza kwenye soriasisi, na sindano za kufunga TNF zinajulikana kuileta hivyo hivyo, sehemu hizo hizo. Sababu yake, kwa jinsi inavyoelezwa, ni kwamba ukiifunga TNF, kwa watu wachache ujumbe mwingine wa kinga uitwao interferoni hupanda juu, na ngozi ndiyo inayoupokea. Huweza kuja baada ya wiki chache au baada ya miaka. Kwa hivyo mtu asikuambie "mbona ametumia miezi mitano salama".

Lakini mapunye hayajatoka kwenye hesabu. Mtoto aliyeshushwa kinga hushikwa na fangasi kirahisi, na fangasi wake huja na sura isiyo yao. Krimu uliyouziwa, kama ilikuwa ya mwasho, ina steroidi ndani. Steroidi hutuliza uso wa ngozi, fangasi wakaendelea kula chini, halafu hata daktari akitazama anadanganyika. Iache, na uende na mrija wenyewe ukamwonyeshe. Wao watakwangua magamba kidogo na kuyaangalia kwa hadubini, kipimo hicho hakiumizi wala si cha gharama kubwa.

Usiyang'oe magamba kwa chanuo tena. Nakuambia hili kwa upendo kwa sababu ndiyo kazi yako na mkono utakuvuta. Soriasisi hufuata jeraha. Mahali ngozi inapokwaruzwa, inapovutwa au inaposuguliwa kila siku, hapo hapo hutoka doa jipya. Mistari iliyokazwa huvuta ngozi ya panjani. Mpira wa mtandio wa skuli husugua nyuma ya sikio kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Mfumue, mwache na nywele zilizolegea, na mtandio uwe wa kufunga kwa mkono, wa pamba.

Kuhusu Alhamisi: mwenye kuijibu hiyo ni kliniki yake. Jambo moja naweza kukuambia kwa uhakika, mtoto akiwa na homa, au pale palipotoka pamekuwa moto, pamevimba na panatoa usaha wenye harufu, usichome kabla hujazungumza nao, maana hapo huenda ni maambukizi na hii dawa hufunga mikono ya mwili. Vipele vya nyayoni vya soriasisi havina wadudu ndani, ila kwa macho tu si rahisi kuvitenga.

Mengine naomba mzazi yeyote mwenye mtoto wa dawa hizi ayashike. Methotrekseti ni ya wiki, si ya kila siku. Nimeona makosa ya hiyo na sitaki kuyasimulia. Mdomo ukijaa vidonda, mtoto hawezi kumeza, ni hospitali siku hiyo hiyo. Akikohoa ukaenda mahali wakakuandikia Septrin, ile dawa ya bakteria, sema kabla hujaipokea kwamba anatumia methotrekseti, kwa sababu mbili hizo pamoja huweza kuua uboho. Chuoni au skuli kukizuka tetekuwanga na yeye hakuwahi kuugua, piga simu siku hiyo, usingoje kipele cha kwanza. Na kampeni za chanjo zikifika shuleni, zile chanjo hai kama ya surua na rubela, mwalimu ajue kwamba huyu anamwuliza daktari wake kwanza.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu rangi. Picha nyingi za soriasisi ni za ngozi nyeupe, zinaonyesha wekundu. Kwa watoto wetu huwa zambarau, hudhurungi au kijivu, na ndiyo maana huchelewa kujulikana. Wewe umeiona kwa sababu unatazama vichwa vyeusi kila siku. Piga picha mchana, mlangoni, bila mwako wa kamera, doa moja moja, uweke sarafu pembeni. Mtume daktari wa Nairobi zote.


binti_wa_lupasi alijibu:

Habari za usiku mama. Sina mtoto, mimi ndiye niliyekuwa mtoto.

Nina miaka 22. Nilishikwa na lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, nikiwa na 11, hapa hapa Mombasa. Nilipewa prednisoloni, steroidi ya vidonge, kwa wingi, uso ukavimba ukawa mviringo, nikaota nywele mashavuni na chunusi mgongoni, na mapajani na tumboni ikatoka michirizi ya zambarau, mirefu. Nyumbani walinitazama vipimo. Figo zinaendeleaje, damu inaendeleaje. Ngozi waliniambia ni kitu kidogo, shukuru umzima. Ilikuwa kweli, nilikuwa mzima kwa sababu ya dawa hizo. Ila darasa la sita sikuingia kwa mwalimu nikiwa na figo, niliingia na uso.

Nilianza kutema vidonge. Navitia chini ya ulimi, nikitoka navifukia kwenye chungu cha mlangilangi. Nadhani mnajua prednisoloni haiachwi ghafla. Nilianguka baada ya siku chache nikalazwa. Hakuna aliyejua sababu mpaka mama alipomwagilia ule mlangilangi.

Bintiyo alikuambia alisahau. Umeandika mwenyewe kwamba aliogopa. Mwulize anaogopa nini hasa, mkiwa wawili, usiku. Huenda si daktari. Huenda kuna mtu skuli amesema ana upele wa kuambukiza. Soriasisi haiambukizi hata kidogo, na mwalimu akilisema hilo mbele ya darasa linamfaa mtoto kuliko krimu.

Pia sikukuu inakuja na atataka kupambwa. Hina yenyewe, ile ya majani iliyosagwa, mimi naitumia kwenye ngozi isiyo na kidonda. Piko hapana. Piko ni rangi ya nywele, inababua hata ngozi nzima, na kwa ngozi iliyochokozwa tayari usiijaribu. Binamu yangu hana ugonjwa wowote na ua la piko lilimwachia kovu la ua.

Hidroksiklorokwini, dawa yangu nyingine ya lupasi, nayo ilinipa mwasho usio na kipele, mwili mzima, usiku. Nyanya yangu alicheka akasema ndio ule ule wa klorokwini ya malaria ya zamani, wao walikuwa wakijikuna mpaka asubuhi. Nilimweleza daktari, akaniamini mara moja. Semeni kila kitu, hata kinachoonekana si chochote.


msusi_kisauni alijibu:

Binti wa lupasi, nimemwuliza. Ni kweli uliyoyasema. Kuna mwenzake alikataa kukaa naye dawati moja tangu wiki mbili nyuma. Mimi nalikuwa nikimtazama goti na jicho, na kichwa nikakitazama kama msusi, sikumtazama yeye. Ahsante mwanangu. Mungu akupe umri.

Nimefumua mistari yote usiku ule ule. Ilinichukua saa nzima kwa sababu nilikuwa nalegeza tundu moja moja kwa vidole vilivyopakwa mafuta.

Simu ilipokelewa mara ya tatu. Nesi wa kliniki akasema nitume picha, nikazituma na sarafu pembeni kama nilivyofundishwa. Jioni daktari akanipigia mwenyewe. Aliniuliza homa, nikasema hana. Akaniuliza usaha wenye harufu, nikasema hauna. Akasema sindano ya Alhamisi ichomwe kama kawaida, mahali pasipo na doa, na akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi hapa hapa Mombasa, nisingoje Nairobi. Jumanne tunaenda.


msusi_kisauni alijibu:

Wapendwa, nimerudi. Naandika refu kidogo kwa sababu najua kuna mzazi atakayesoma hili usiku kama nilivyokuwa nikisoma mimi.

Daktari wa ngozi ni mama mtu mzima. Alimkalisha mwanangu dirishani, si chini ya taa, akamgusa kichwa kwa vidole bila glavu. Mwanangu alishtuka, akanitazama. Sijui kama yule daktari anajua alichomfanyia mtoto kwa kumgusa vile.

Alikwangua magamba akayapeleka kuangaliwa, fangasi hawakuonekana. Mrija wa krimu aliutazama akaurudisha, akasema usipakwe tena. Kisha akasema ni soriasisi iliyoletwa na sindano, na kwamba tutaitibu ngozi bila kuigusa sindano kwanza, kwa sababu jicho limetulia na hataki kulichokoza. Kama ngozi haitashika, au ikienea mwili mzima, yeye na wa Nairobi watazungumza kubadilisha dawa, zipo za njia nyingine. Ila si uamuzi wa kwanza.

Alichotupa: losheni ya steroidi ya kichwani, mara moja kwa siku kwa wiki 2, kisha siku mbili tatu kwa wiki. Marhamu nyingine ya nyayo. Kitovuni dhaifu zaidi, kwa sababu ngozi ya hapo ni nyembamba. Na kabla ya losheni, magamba yalainishwe. Akaniuliza nyumbani nina mafuta gani. Nikamwambia ya nazi, ninayakamua mwenyewe. Akasema hayo hayo, yapashwe yawe vuguvugu tu, yalale kichwani usiku, asubuhi yaoshwe kwa shampuu laini, na gamba litakalotoka litoke lenyewe.

Kwa hivyo kila usiku baada ya Isha namlaza kichwa mapajani. Namwagia mafuta kiganjani, nayapisha ngozini kwa ncha ya kidole cha kati, bila kukuna. Asubuhi maji yanateremka na vipande vyeupe, vilaini, vinaelea ndani ya beseni. Siku ya sita lile gamba la kwanza, la nyuma ya sikio, lilitoka zima. Nywele zake hazikuja nalo.

Leo ni wiki ya 5. Kichwani pamebaki laini, madoa meusi yapo, daktari alisema hayo ni kivuli tu na huchukua miezi kufifia, nisiyapake kitu cha kung'arisha. Kitovu kimekauka. Nyayo bado, zinapasuka kisiginoni akitembea peku, kwa hivyo ndala hata ndani ya nyumba. Jicho lilipimwa tena wiki iliyopita, halina uvimbe.

Skuli nilikwenda mwenyewe. Mwalimu alilisema darasani bila kumtaja mwanangu, kwamba kuna ngozi zinazotoka magamba na haziambukizi. Yule mwenzake amerudi dawatini. Nilimsuka bure Jumamosi, yeye na dadake.

Mavyaa bado anaitazama friji kwa jicho baya. Nimemwomba awe ndiye mwenye kumshika mkono mjukuu wake siku ya sindano, na Alhamisi iliyopita alimshika. Tuliitoa nusu saa kabla ili isiwe baridi ikamuuma.

Nina swali moja limebaki. Mikono yangu haijui kusuka bila kukaza. Mwanangu anataka nywele za sikukuu, na nimemwahidi kitu. Kuna msusi mwenzangu humu aliyewahi kumsuka mtu wa soriasisi? Nafikiria mikia minne iliyolegea, bila rasta, kuanzia inchi moja nyuma ya panja.


nesi_mstaafu_tudor alijibu:

Mikia minne ni sawa. Ukimaliza mwambie ainue nyusi. Zikipanda bila ngozi ya panjani kuvutika, hujakaza.